Mkono wa Kugawa Kitoweo

Sinia liliwekwa katikati yetu na hakuna aliyetia mkono. Tulikuwa wanawake watano juu ya jamvi, ukumbini kwa marehemu Bi Kazija. Khitma ilikuwa imeshasomwa, harufu ya ubani bado imo kwenye mapazia, na pilau imejaa hadi ukingoni, vipande vya nyama vimepangwa juu yake. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikimtafuta mkubwa wetu aanze kugawa kitoweo, maana katika nyumba ile wadogo hawajichotei nyama wala samaki. Mkubwa wa sinia ndiye anayemega na kumwekea kila mtu upande wake. Nikaona wote wananiangalia mimi. Salma, mjukuu wa marehemu, akasema kwa adabu, "Bismillahi, shangazi, tunakusubiri weye." Ilinichukua muda kufahamu. Nilizoea kuwa mdogo humo ndani, na sasa mvi zimenifanya mkubwa bila ya kuniuliza. Mimi sijala nyama wala samaki tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na wala sijavishika, kwani hata marehemu mume wangu alijipikia samaki wake mwenyewe, na, Mungu amrehemu, alijua kupika. Nyama ilikuwa ikitoa moshi mbele yangu. Mkono wa kulia nilikuwa nimeshaunawa.

Mwaka ule ninaoukumbuka nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la tatu, nimepanga chumba cha juu katika nyumba hiyohiyo, mtaa wa Sokomuhogo. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani mtu aliweza kukaa na miguu yake yote. Dirisha langu lilitazama uani, na uani ndiko lilikokuwa jiko, kwa hiyo nilijua kinachopikwa kabla sijajua ni saa ngapi, na nilijua pia kinachosemwa. Bi Kazija alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Chumba cha chini alikaa Mama Neema, mwanamke wa kutoka Bara aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli moja na kuyaanika kwenye kamba mpaka ua mzima ukawa mweupe. Chumba changu kilikuja pamoja na chakula, na chakula kililiwa kwenye sinia moja, mimi na Bi Kazija na yeyote aliyebisha hodi wakati huo. "Hapa kwangu hapaliwi chumbani," alinambia siku ya kwanza. "Anayekula pembeni peke yake ni paka." Kisha akanimegea samaki aitwaye changu, akatoa miiba kwa vidole vitatu bila ya kuitazama, akasukuma kipande mpaka mbele yangu. Nilikuwa mgeni mjini na sina mtu, na kipande kile cha samaki kilinifanya nijione nimefika kwangu.

Miezi miwili baadaye nilikataa mkono huo. Nilikuwa nimekwenda Kizimkazi kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu, na asubuhi, maji ya bahari yamekupwa, nikatembea pwani. Mwanamke mmoja alikuwa amemtoa pweza mwambani na anampiga kwa gongo ili alainike, kama ninavyojua hupigwa, kama nilivyomla maisha yangu yote kwa tui la nazi. Ila sikuwahi kusimama karibu nikatazama. Pweza aligeuka rangi. Alikuwa wa kahawia, akawa mweupe, akarudi kahawia, na mkono wake mmoja ukashika kifundo cha mguu wa yule mwanamke kama anayeomba. Yule mwanamke alinisalimia vizuri tu, akaendelea na kazi yake. Sina neno naye, na nilipojaribu miaka ile kuipamba sababu yangu kwa hoja kubwa kubwa nilijidanganya. Ukweli ni kwamba tumbo langu lilikataa, na mimi nikaona tumbo lina haki. Harusini nilikula wali mtupu na ndizi.

Niliporudi mjini nilitangaza. Hapo ndipo penye ujana wangu: sikujua kuacha kitu kimyakimya. Bi Kazija alikuwa amepika changu wa kupaka, ameshamega, mkono uko njiani, nami nikasema, "Bi Kazija, mimi nimeacha samaki. Na nyama pia." Mkono ukasimama juu ya wali. Akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu kaniambia nina shetani anayekataa samaki, na nikasema hakuna. Akaniuliza kama nina mimba, nikacheka, na kucheka kule kukamuudhi.

"Sasa weye unaharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu?"

"Sijaharamisha, Bi Kazija. Nimeacha. Mtu anaweza kuacha sukari na sukari ikabaki halali."

"Sukari si kitoweo." Akamrudisha samaki yule upande wa katikati. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ntakuona."

Lakini siku zilipopita na kipya hakikuchakaa, aliniita uani, akanikalisha juu ya mbuzi ya nazi kama mtoto mwenye kosa, akanipa masharti. Nyumba yake haijapata kutoa mtu aliyedhoofika. Watu watasema Bi Kazija anamnyima mpangaji kitoweo, na jina hilo hatalibeba. Nina muda mpaka Ramadhani iingie. Siku ya futari ya kwanza atanitazama: nikiwa nimenawiri na nina kitu cha kuweka kwenye sinia ambacho watu wanakila wakashiba, nitakaa. La sivyo nile samaki kama binadamu wengine, au nitafute nyumba ya watu wanaokula majani. "Na usinambie mchicha," akaongeza. "Mchicha ni mboga. Mboga si kitoweo." Neno hilo lilinikaa. Kwa Kiunguja chake, kitoweo kilikuwa kile kinachokupa heshima ya kukaa chini kula wali, na mboga ilikuwa kitu cha pembeni, cha kuteremshia. Siku asiyokuwa na samaki alikuwa akisema "leo hatuna kitoweo" hata kama jiko lina vyungu vitatu vya mboga. Tangu siku ile mkono wake uliniruka. Aligawa kulia, akagawa kushoto, na upande wangu wa sinia ukabaki wali mweupe. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko maneno yote.

Nikajitapa kwamba miezi minne ni mingi. Kisha nikala wali na mchicha. Nikala wali na mchicha wa nazi, nikala mchicha usio na nazi, nikala chapati na mchicha, na wiki ya tatu nikiwa darasani nafundisha kugawanya nikasikia mwenyewe tumbo langu likinguruma mbele ya watoto arubaini. Nilikuwa nakonda. Bi Kazija alinionea huruma kwa njia yake, akanipikia bamia tamu sana, nikala mpaka nikaramba vidole, nikamuuliza kaweka nini. "Sikukutilia samaki," alisema kwa fahari. "Nimekutilia supu yake tu. Vipande vyote nimevitoa, kimoja kimoja." Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama kwa mapenzi matupu, na sikujua nilie au nimshukuru. Nikamshukuru, halafu nikamwambia ukweli, na kwa siku mbili hakusema nami ila kwa kupitia kwa Mama Neema.

Mama Neema naye alikosea kwa njia yake. Jumapili moja alitoka kanisani, akaniona nimekaa ngazini uso umeniporomoka, akanikaribisha ugali. Nikamwambia mapema, ili nisimuaibishe, kwamba mimi nakula mboga tu. Akashangaa kwamba hilo nalo ni jambo la kusema. "Sasa dada Rukia, nani anakula ugali bila mboga?" Akaingia jikoni, akarudi na ugali unaotoa moshi na bakuli limefunikwa kwa sahani. Akafunua. Nyama ya ng'ombe, na mchuzi mzito, na mfupa wa uboho umesimama katikati.

"Mama Neema, nimesema mboga."

"Si ndiyo mboga hii!"

Tukatazamana. Kisha tukaanza kucheka mpaka Bi Kazija akafungua dirisha kuuliza kuna nini. Kwao Bara, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, nyama, dagaa, maharage, kila kitu. Majani huitwa mboga za majani. "Ukienda kwetu ukasema unataka mboga tu," aliniambia akijifuta machozi, "watakuchinjia mbuzi." Nilipanda chumbani kwangu na njaa, lakini nimeshiba jambo jingine. Juu ya dirisha moja mboga haikuwa kitu, chini ya dirisha hilohilo mboga ilikuwa kila kitu, na wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili safi. Kwa hiyo kitoweo nacho kilikuwa neno, na neno huhamishika. Sijui kama nilifikiri kwa ufasaha huu siku ile, lakini nakumbuka nilipanda zile ngazi mbilimbili.

Tangu hapo nilikwenda sokoni Darajani kama mtu aliyetumwa na serikali. Nikajiwekea sharti kwamba kitu kisirudi kwenye sinia mpaka zipite siku nne. Mama Neema alinifundisha majani ya maboga kwa karanga zilizopondwa, na kisamvu kinachotwangwa mpaka mkono ufe ganzi. Choroko nilizijua, ila sikujua kwamba ukizikaanga kwanza kabla ya kuzichemsha zinapata ladha nyingine kabisa, na hilo nililigundua kwa kusahau sufuria jikoni. Nilipika mbaazi za nazi nikazila asubuhi kwa mandazi. Nilipika fenesi bichi kama mchuzi wa nyama, likaninatia mikononi utomvu kwa siku mbili na wanafunzi wakaniuliza nimeshika nini. Dengu, kunde, njugu mawe, boga la nazi lenye hiliki, shelisheli lililochomwa juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi na ndani yake likatoka kama mkate. Nilinunua urojo kila Alhamisi nikimwambia muuzaji asitie mishkaki, naye kila Alhamisi akiniuliza kwa nini najinyima. Vingine vilinishinda. Nilijaribu katlesi za muhogo zikafumuka kwenye mafuta zote, tukala makombo yake kwa kijiko. Mashavu yangu yakarudi. Bi Kazija alionja kila kitu, kwa ncha ya kidole, na kila mara hukumu ilikuwa ileile: "Tamu. Mboga tamu."

Jambo lililofungua kila kitu lilikuwa dogo. Jioni moja nilipita Forodhani, njaa inanisukuma, nikanunua muhogo wa kuchoma, na muuzaji akaupaka kwa brashi ileile ya kupakia mishkaki yake, ndimu, pilipili na ukwaju. Nikamrudishia na kumwomba brashi safi, akanitazama kama mwendawazimu lakini akanipa. Nikauma. Na nilipouma nikamkumbuka changu wa kupaka wa Bi Kazija, ladha yake yote, imo mdomoni mwangu kwenye kipande cha muhogo. Nikasimama pale katikati ya watu. Tulikuwa tukimsifia samaki miaka yote hiyo, na nusu ya sifa ilikuwa ya ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na tui. Mimi nilikuwa nayapika majani kama chakula cha mgonjwa, chumvi kidogo na tui jepesi, kisha nikitaka watu wayaheshimu. Kumbe mboga yangu haikupata kupikwa kama kitu cha maana. Siku hizi hoteli za Mji Mkongwe zina orodha nzima ya vyakula vya wasiokula nyama, na vijana wananipigia simu kuniuliza nibadilishe nini kwenye milo yao wasichoke, na jibu langu ni hilo tu: usilipunguzie bilingani ndimu uliyokuwa ukimpa samaki.

Wiki moja kabla ya Ramadhani walikuja wageni, na Bi Kazija akapika pweza. Nilikaa kwenye sinia na kisamvu changu, macho nimeyaepusha na pweza, na kwa kuwa sikuwa na pa kuyaweka nikayaweka kwenye mkono wake. Ulikwenda huku, ukaenda kule, ukamegea wageni, ukawahimiza, "Kula mwanangu, mbona huli, ongeza." Na upande wake yeye wa sinia ulikuwa wali mtupu. Nikafikiri anajiweka mwisho. Wageni wakashiba, pweza akabaki, naye hakumgusa. Walipoondoka nikamfuata uani anakosugua sufuria.

"Bi Kazija, weye huli pweza."

Akaangalia mlangoni kwanza. "Ananitoa vipele. Tangu n'na miaka kumi na tano."

"Na hakuna anayejua?"

"Wajue ya nini? Anayegawa haulizwi anakula nini. Watu wanatazama mkono, hawatazami mdomo." Akaisugua sufuria kidogo. "Kosa lako weye umetangaza. Ungelinyamaza, ungelikuwa unagawa na wenzio, maisha yako yote yangepita salama."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona jasiri. "Mimi sitaki kujificha, Bi Kazija. Mimi nataka kula nikionekana."

Aliacha kusugua, na kwa mara ya kwanza tangu Kizimkazi hakuonekana ameudhika nami. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali ambalo alipaswa kuulizwa zamani. Kisha akaniambia nisogee, namzuilia mwanga.

Siku ya futari ya kwanza nilianza kazi mara tu baada ya adhuhuri. Nilichagua mabilingani matano makubwa, nikayachoma juu ya makaa yakiwa na vikonyo vyake, nikayamenya, nikayapasua yakalala bapa. Thomu na tangawizi nilivitwanga mwenyewe. Nikakuna nazi mbili, nikachukua tui la kasimile peke yake, lile la kwanza lililo zito, nikalipika na ukwaju, pilipili na bizari mpaka likakaa kwenye mwiko bila kudondoka. Nikayapaka mabilingani, nikayarudisha jikoni na makaa juu ya kifuniko, nikayapaka tena. Mama Neema, ambaye hakuwa akifunga, alikaa mlangoni mwake kuniepusha na haraka: "Bado, bado, acha lishike." Jua likashuka. Mimi niliyekuwa nimejitapa miezi minne sasa niliogopa, kwa sababu nilikipenda kile chumba cha dirisha nene, na zaidi yake nilimpenda yule mama mwenye kununa, na nilikuwa naelekea kupoteza vyote viwili kwa ajili ya bilingani.

Adhana ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende, tukasali, likaja sinia. Tulikuwa sita. Kulikuwa na muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, na magimbi, na niliyaangalia nikagundua, nikataka kucheka, kwamba vyungu hivi vitatu, nguzo kuu za futari, havikuwa na hata ukucha wa nyama. Mji mzima jioni ile ulikuwa unakula kama mimi. Katikati kulikuwa na samaki wa Bi Kazija, na pembeni yake bilingani langu. Bi Kazija alianza na samaki, kama kawaida, akagawa. Mkono ukafika kwangu, ukaniruka. Nikainamisha macho. Kisha nikauona ule mkono unarudi, una hina kwenye kucha, unatua juu ya bilingani. Akamega kipande cha kwanza, akakisukuma mpaka mbele yangu. Akamega cha pili, akaweka upande wake yeye mwenyewe, akala mbele yetu, taratibu, macho kwenye chakula. Jirani mmoja akauliza hicho ni kitu gani, mbona kinanukia hivyo.

"Kitoweo," alisema Bi Kazija. "Leta upande wako nikugaie."

Nilikaa katika nyumba ile mpaka nilipoolewa, na hata baada ya hapo sikukosa futari ya kwanza kwake hata mwaka mmoja, nikiwa na bilingani langu mkononi. Mama Neema alirudi kwao Bara zamani. Tunapigiana simu, na kila mara huniuliza leo mboga gani ili tu tucheke. Na mwaka uliofuatia futari ile, siku ya pweza, Bi Kazija aliwaambia wageni wake waziwazi: "Mie pweza sili, ananitoa vipele, nnakula cha Rukia." Hakuna aliyeshangaa. Yeye ndiye aliyeshangaa kwamba hakuna aliyeshangaa.

Hayo yote yalinipita mbele ya sinia la khitma, wenzangu wakiwa wameshikilia mikono yao. Sikutaka kumpa Salma kazi yangu. Nilimega kipande cha kwanza, kilikuwa cha moto, na mafuta yake yakanishika vidoleni baada ya miaka zaidi ya thelathini, na sikufa. Nikamwekea Salma. Nikamwekea wa pembeni yake, nikamchagulia mnofu kwa sababu meno yake si mazuri, nikawapa na wale wawili, nikasema "kuleni, mbona hamli," na sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Kutoka upande ule wa sinia nikaona alichokuwa akikiona Bi Kazija: nyuso za watu wanaosubiri, kisha nyuso za watu waliopewa. Siku ya maziko sikulia. Hapo nikalia, mkono wangu una mafuta ya nyama, siwezi hata kujifuta.

Mbele yangu palikuwa na wali mtupu. Salma akainuka, akaenda uani, akarudi na bakuli lililofunikwa. Nilijua kabla hajafunua, kwa harufu. Akakaa, akanawa upya mkono wake, akamega bilingani na kulisukuma polepole mpaka upande wangu.

"Kitoweo chako hicho, shangazi," alisema.

Nikala, na wote wananiona.